Simu tuna mitandao kibao, waya wa umeme kwa nini uwe wa mmoja tu?

Kipimajoto ameuliza:

Wakuu habari za saa hizi.

Naomba kueleweshwa kitu maana kila nikiuliza najibiwa siasa. Sisi wa umri wangu tunakumbuka enzi simu ni shirika moja tu la umma, unaomba laini unasubiri mpaka unasahau kama uliomba. Zikaja kampuni binafsi, leo mtu ana laini tatu mfukoni na wenyewe wanagombana kumpa bando. Sasa umeme, kuanzia bwawani mpaka soketi ya ukutani, ni TANESCO. Sehemu kubwa anazalisha yeye, kusafirisha yeye, kusambaza yeye, LUKU (mita za kulipia kabla) yeye. Kwa nini hapa isiwezekane kama kwenye simu?

Na si kwamba halijawahi kufikiriwa. Mwaka 2014 serikali ilitoa ramani ya mageuzi ya sekta mpaka 2025, nimeisoma, imepangwa vizuri tu: kwanza uzalishaji utengwe, baadae usambazaji utengane na usafirishaji, mwisho usambazaji wenyewe ugawanywe na hisa ziende soko la Dar. 2025 imeshapita na shirika bado ni lile lile moja.

Kinachonichanganya zaidi ni Uganda. Wenzetu walivunja shirika lao 2001, 2005 wakakodisha usambazaji kwa kampuni binafsi inayoitwa Umeme, alafu 2025 mkataba umeisha wameurudisha serikalini. Kwa hiyo waliotangulia ndo wanarudi tulipo sisi? Sisi tuliochelewa tumepatia kwa bahati au ndo vile tumelala?

Na swali la ubinafsi kidogo: nina vijihela kwenye hatifungani na hisa mbili tatu. Siku ikitokea kampuni ya kusambaza umeme inauza hisa, ni kitu cha kununua au ni kujitafutia presha?

---

Mbishi wa Kona:

Swali refu jibu fupi mkuu. Uza. Kitu cha umma hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakina mwenye uchungu nacho. Weka kampuni tatu kila mkoa zishindane, asiyewasha ahamwe, mbona kwenye simu tunahama kila siku. Hawa watakaokuja kukuletea habari za mhimili wa taifa sijui usalama wa nchi wasikuchoshe.

---

FundiMsongo:

Nimefanya kazi za usambazaji miaka 19, nchi mbili tofauti, acha nijaribu bila siasa.

Kipimajoto mfano wako wa simu ndo unakupoteza. Mnara mmoja unapiga mawimbi, chini yake wateja 2,000 hata 5,000 hawana waya wowote. Umeme kila nyumba lazima ifikiwe na waya wake mwenyewe. Ukiweka kampuni tatu mtaa mmoja manake nguzo mistari mitatu, transfoma tatu, na kila moja inabeba theluthi ya wateja, lakini gharama ya nguzo haijapungua hata shilingi. Nani anailipa? Wewe kwenye uniti. Na hata hao wa simu unaowasifia wameshaacha kila mtu kujenga mnara wake, minara mingi hapa nchini waliiuza kwa kampuni ya minara ya Helios na sasa wanapanga humo humo pamoja. Walipofika kwenye chuma na zege wakaona ushindani hauna maana.

Kwa hiyo karibu duniani kote waya wa kusambaza ni wa mmoja kwa kila eneo. Uingereza wenyewe wanaosifiwa kwa soko huria wana maeneo 14 ya usambazaji na kila eneo lina mwenye waya mmoja tu, ukihamia kule huchagui waya. Unachochagua ni anayekuuzia, yaani anayenunua umeme jumla na kukuletea bili, waya anaulipia nauli kama daladala. Na hao wauzaji nao, bei ya gesi ilipopaa 2021 karibu 30 wakafilisika ndani ya muda mfupi. Waya haukuyumba, ulikuwa na nauli yake ya uhakika.

Mbishi hapo ndo unatakiwa utenganishe vitu viwili. Kuzalisha, shindanisha hata mia. Kuuza, shindanisha ukiweza. Waya, hapana, hapo swali ni nani aushike na umlipe vipi ili awekeze bila kukukamua.

Sasa nikuoneshe uwekezaji wenyewe unafananaje maana watu wakisikia wanadhani ni mabwawa. Kuna transfoma moja ya kVA 100 tuliifungia mita yake juu kabisa, upande wa kutokea. Mwezi mmoja zikapita uniti 11,400. Tukajumlisha zilizonunuliwa na wateja wote wa transfoma ile, 8,900. Uniti 2,500 zimeenda wapi? Tukatembea na laini. Laini ndogo ilikuwa imevutwa zaidi ya kilomita moja na robo, waya mwembamba, maana kila anayejenga mbele anaongezewa nguzo mbili tatu, ukifika mwisho wa laini saa mbili usiku taa inawaka rangi ya chungwa na friji linaunguruma tu haligandishi. Huo ni umeme unaoishia kupasha waya moto njiani. Na waya una tabia mbaya, mzigo ukiwa mara mbili upotevu unakuwa mara nne, ndo maana jioni ndo unaumia. Nusu nyingine tuliikuta kwenye karakana ya kuchomelea, kishoka (fundi wa mtaani asiye na kibali) kapitisha waya nyuma ya ubao, mita imekaa kimya inasoma ya balbu na redio wakati mashine inakula awamu tatu.

Dawa yake haina sherehe ya kukata utepe. Transfoma ndogo ya pili katikati ya laini, waya mnene, mita isogezwe juu ya nguzo. Hakuna waziri atakuja kuzindua hiyo. Ila fedha yake inarudi haraka kuliko mradi mwingine wowote ninaoujua kwenye umeme.

---

Mhasibu wa Entebbe Road:

Mimi ni Mtanzania wa Bukoba nipo Kampala tangu 2009, habari za Umeme nimezila na kuzilala, ngoja nikujibu hapo kwenye "wamerudi nyuma".

Kwanza kilichokodishwa ni nini. Uganda walivunja shirika lao la umeme, UEB, wakapata watatu: UEGCL kuzalisha, UETCL kusafirisha, UEDCL kusambaza. Nguzo na waya vikabaki mali ya UEDCL, yaani serikali. Umeme alipewa kuviendesha miaka 20, kuanzia Machi 2005 mpaka 31 Machi 2025. Wakati huo wamiliki nyuma yake walikuwa kampuni ya Globeleq na Eskom ya Afrika Kusini, Eskom akatoka mapema. Kwa hiyo hakuna kilichouzwa, ni nyumba ya kupanga, na mpangaji anaruhusiwa kujenga vyumba vya uani kwa sharti kwamba siku akitoka alipwe ambacho hajarudisha.

Sasa hesabu ya alichokikuta. Upotevu ulikuwa kama asilimia 38, na kwenye bili zilizotoka walikuwa wanakusanya kama asilimia 80. Chukua uniti 100 zilizonunuliwa kwa jumla. 62 zinafika kwa mteja. Za hizo 62 zinalipwa kama 50. Yaani unanunua ng'ombe mzima unauza nusu, nusu nyingine imeliwa jikoni. Hakuna shirika duniani linaweza kuishi hivyo, haijalishi la nani.

Mpaka anaondoka upotevu ulikuwa umeshuka mpaka 16 au 17, makusanyo yanakaribia 100 kwa sababu ya mita za Yaka ambazo ni sawa na LUKU yenu, na wateja kutoka chini ya laki tatu mpaka zaidi ya milioni mbili. Hilo ni kweli na wanaomtukana mara nyingi hawalisemi.

Ila na wanaomsifia kuna kitu hawasemi. Mkataba ulimpa faida ya asilimia 20 kwa mwaka juu ya alichowekeza, na hesabu ni ya DOLA. Sasa kaa chini ufikirie. 2005 dola ilikuwa kama shilingi 1,750 za huku, 2025 ni 3,600 na ushee. Kwa kila dola 100 alizofukia ardhini anatakiwa apate dola 20, ambazo mwanzo zilikuwa shilingi 35,000 na mwisho zinapita 72,000, na mwenye kinyozi pale Wandegeya analipwa kwa shilingi, hajui dola. Hakufanya kosa lolote na anayepanda bei siyo waya wake. Halafu ukisema asilimia 20 watu wanashangaa, lakini 2005 nani mwingine alikuwa anataka ule mzigo? Aliyekuja alijua hawezi kuibiwa nusu ya mali bila kulipwa hatari yake. Kosa kwa mtazamo wangu siyo kumpa 20, ni kumwachia 20 ile ile hata baada ya hatari yenyewe kuisha.

Na kuna mtego wa pili, huu ndo nataka ramani yenu ya 2014 ikifufuliwa muuangalie sana. Mkataba wa miaka 20, transfoma inaishi 30, nguzo ya zege zaidi ya hapo. Mwaka wa 16, wa 17, kila akiomba kuwekeza serikali inapiga hesabu kwamba hizi nitakuja kumlipa cash mlangoni, kwa hiyo mdhibiti anabana kibali. Na yeye mwenyewe hana haraka. Wateja wanaongezeka, waya ni ule ule, miaka ya mwisho kila mtu anamsubiri mwenzake aondoke.

Siku ya kutoka ikafika, serikali ikakopa benki ya biashara ikalipa dola milioni 118 kufuatana na hesabu ya mkaguzi mkuu. Umeme akasema hiyo haifiki kwenye anachodai, wakaenda usuluhishi London. UEDCL akashika usukani tarehe 1 Aprili.

Kipimajoto kwenye swali lako la hisa: Umeme iliingia soko la Kampala 2012 na Nairobi mwaka huo huo. Unajua mwenye hisa nyingi kuliko wote alikuwa nani? NSSF ya Uganda, mfuko wa wafanyakazi. Kwa hiyo yule aliyekuwa analalamika bei ya uniti na yule aliyekuwa anapokea gawio, kwa njia ya kuzunguka, ni mtu mmoja. Wengine walinunua hisa kama vile kampuni itaishi milele wakati tarehe ya kufa iliandikwa kwenye waraka wa mauzo. Soma tarehe ya mwisho ya leseni kabla hujasoma faida, mimi ndo ushauri wangu huo.

---

Mbishi wa Kona:

Mhasibu umeandika vizuri ila umenisaidia mimi mkuu. 38 mpaka 17. Nioneshe shirika la umma Afrika lililoshusha hivyo kwa miaka 20.

---

Otis wa Embakasi:

Wasee wa Bongo hamjambo. Nimepita tu nikaona hamjataja Kenya na sisi ndio tuko katikati ya hiyo ubishi yenu, juu sisi hatukuuza na hatukubaki na yote.

Kenya Power iko kwa soko la hisa la Nairobi, serikali ina asilimia 50.1, hiyo ingine ni ya watu na mifuko. Ni kampuni ya zamani sana, ilianza 1922 kama East African Power and Lighting. KenGen ya kuzalisha ilitolewa kwake mwaka wa 1997, laini kubwa mpya zikapewa KETRACO 2008, mashambani kuna REREC. Halafu sheria ya 2019 ikasema mtu yeyote akipata leseni ya mdhibiti, EPRA, anaweza kusambaza na kuuza stima. Kwa karatasi monopoli iliisha hapo. Kwa ground, nikinunua tokeni leo bado ni za nani? Za Kenya Power. Sheria kufungua mlango ni kitu moja, mtu kuingia ni kitu ingine, nani ataweka pesa yake kwa nguzo na hajui serikali itakata bei lini juu ya kura?

Na upotevu wetu 2024 ulikuwa kama asilimia 23. Ndugu yangu Mbishi, sisi tuko na wenye hisa binafsi, tuko soko la hisa, tuko na vitabu vinakaguliwa na kutangazwa, na bado tulikuwa 23, Uganda 17. Kwa hivyo hisa peke yake haizibi wizi wa stima kule mtaani. Mwenye hisa haendi kupanda nguzo.

Sasa ya kununua hisa. Mwaka wa fedha ulioisha Juni 2023 walipata hasara ya bilioni 3.19. Mwaka uliofuata faida bilioni 30. Unadhani waliuza stima mara kumi? Wapi. Shilingi ilipata nguvu, na madeni yao na zile kandarasi za kununua stima nyingi ziko kwa dola, pia bei ilikuwa imepandishwa 2023. Hisa ilikuwa chini ya shilingi 2 mwanzoni mwa 2024, 2025 ikapita 10. Kuna jamaa tunakaa na yeye kwa plot, alinunua akikejeliwa, sasa hivi tukikutana kwa ngazi anatusalimia pole pole sana kama mzee wa kanisa. Lakini ukweli ni hakuna kitu alijua kuhusu stima, alibahatisha dola. Ukinunua hii kitu ujue unanunua shilingi yako dhidi ya dola, stima ni mapambo.

---

Kipimajoto:

Aisee nimejifunza zaidi ya nilichouliza. Naomba niulize tena kwa ujinga wangu.

FundiMsongo, ile ya 11,400 dhidi ya 8,900, ni nani anayebeba zile 2,500? Shirika au sisi tunaolipa? Maana nikinunua ya elfu kumi napata uniti 28 na pointi, nikigawanya ni kama 356 kwa uniti. Najua 292 ndo bei yenyewe ya T1 (mteja wa kawaida) na kinachozidi ni VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3 na EWURA (mdhibiti) 1, na kodi ya jengo wanakata pembeni. Ndani ya hiyo 292 upotevu umo au haumo?

Na Mhasibu, kama tatizo ni dola, si tungeandika mkataba kwa shilingi tu yakaisha?

---

FundiMsongo:

Umo. Hiyo ndo roho ya mambo yote.

Mdhibiti akipanga bei anasema hivi: nakuruhusu upoteze asilimia kadhaa, hizo naziingiza kwenye bei kwa sababu hata malaika akiendesha waya lazima upashe moto. Ukizidisha hapo, unakula hasara mwenyewe. Ukipunguza chini ya hapo, ziada weka mfukoni. Sasa kampuni binafsi ikila hasara anayeumia ni mwenye hisa, kwa hiyo usiku halali, anatafuta ile karakana ya kuchomelea. Shirika la umma likila hasara, mwisho wa mwaka linakwenda hazina, au linachelewa kumlipa mzalishaji, au linaacha kubadilisha waya. Hasara ipo pale pale, imehamishwa tu sehemu ambayo wewe huioni kwenye risiti. Inarudi kama laini ndefu na taa ya chungwa.

Mbishi, Nigeria wamefanya hicho unachokitaka. 2013 wakauza asilimia 60 ya kampuni 10 kati ya 11 za usambazaji, kwa siku moja karibia. Walionunua wakakopa benki kununulia, na upotevu waliotajiwa kwenye makaratasi siyo waliokuja kuukuta kwa sababu wateja wengi hawakuwa na mita kabisa, bili inakadiriwa tu. Bei nayo haikuruhusiwa kufikia gharama. Hela ya kununua kampuni ikawa imekwisha kwenye kununua, ya kununulia transfoma haipo. 2022 kadhaa kati ya hizo kampuni zikaangukia mikononi mwa waliowakopesha. Mwenye mali alikuwepo, uchungu alikuwa nao, mita ndo hakuwa nazo.

---

Mhasibu wa Entebbe Road:

Kipimajoto, mkataba wa shilingi inawezekana, ila mwekezaji wa nje atakuambia sawa, basi nipe asilimia 30 badala ya 20, maana hatari ya shilingi kuporomoka umeniachia mimi. Njia ya kuikwepa ni hela yenyewe itoke ndani, mifuko ya hifadhi, benki za hapa, hatifungani kama hizo ulizonazo wewe. Ndo maana nilikutajia NSSF. Kama mwenye hisa mkubwa wa mwisho ni mfuko wa wafanyakazi wa Uganda unaolipa wazee kwa shilingi, kulikuwa na haja gani faida ihesabiwe kwa dola? Nimeuliza hili kwenye vikao viwili tofauti na sijapewa jibu la kuniridhisha.

---

Bi Mkubwa wa Fumba:

Assalam aleikum ndugu zangu. Nyinyi mnakwenda mpaka Nigeria na hapa kwetu mnaparuka.

Zanzibar tuna ZECO, nayo ni shirika la usambazaji khasa, sehemu kubwa ya umeme hainunui kwa jua wala jenereta, inanunua jumla kutoka TANESCO. Unatoka bara Ras Kiromoni unapita chini ya bahari unaibukia hapa Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa 1980 wa megawati 45, wa pili 2013 wa megawati 100 kwa msaada wa MCC, mfuko wa misaada wa Wamarekani. Pemba wana wao kutoka Tanga, tangu 2010. Kwa hiyo ule mgawanyo mnaouota, mzalishaji huyu na msambazaji yule, upo zamani ndani ya Jamhuri hii hii.

Na matatizo yake tumeyaona. 2017 rais Magufuli aliagiza wadaiwa wote wakatiwe, ikatajwa ZECO inadaiwa bilioni 121 na zaidi. Huku kwetu bei ya kununulia jumla ikawa ndio mzozo, huyu anasema unauziwa ghali yule anasema hulipi. Mkikaa shirika moja ugomvi huo huwa baina ya idara mbili, hausikiki. Mkigawana unakuwa deni lenye tarakimu na lenye mdai. Mimi nasema bora uwe deni, walau likajulikana kiasi gani. Lakini msidhani mkigawana ndio mmepona.

---

Mbishi wa Kona:

Shikamoo Bi Mkubwa. Hapo umenigusa. Sirudi nyuma ila nitakubali hivi: nilikuwa nasema uza, sasa nasema pima kwanza ndo uuze, maana kumbe hata anayenunua hajui ananunua nini.

Ila basi vijijini je? Huko nako lazima asubiriwe mmoja?

---

FundiMsongo:

Hapana, na hili wengi hawalijui. Sheria ya umeme ya 2008 haimkatazi mtu mwingine kusambaza, akipata leseni ya EWURA anasambaza. Nenda Mufindi, kuna Mwenga, mtambo wa maji wa megawati 4, wanauzia kiwanda cha chai, wanauzia TANESCO kwenye gridi, na wamevuta laini zao wenyewe mpaka kwenye vijiji vya jirani, mteja wa pale msambazaji wake ni wao. Ukara huko Ukerewe kulikuwa na gridi ndogo ya jua ya kampuni ya JUMEME tangu 2016. Kwa hiyo mlango upo wazi kama wa Kenya. Wanaoingia ni wachache kwa sababu mteja wa kijijini anatumia uniti chache mno. Kuna wateja wa D1 (matumizi madogo) ambao mwezi mzima hawafikishi 75 na wanalipa shilingi 100 kwa uniti. Nguzo ya kumfikia ni ile ile ya mteja wa Masaki anayewasha viyoyozi vinne. Binafsi akienda kule bila ruzuku lazima auze uniti bei ambayo jirani wa gridi akiisikia anacheka, na siku gridi ikifika kijijini mteja anamkimbia. Wa Ukara walikumbana na ugomvi wa bei kwa sababu hiyo hiyo.

---

Kipimajoto:

Nawashukuru wote, Bi Mkubwa shikamoo na wewe. Hisa nitasubiri kwanza.

Fundi, jioni nimetoka nje kuangalia transfoma ya mtaani kwetu, nimehesabu nguzo kutoka pale mpaka nyumba ya mwisho ni 31. Chini ya transfoma kuna kisanduku cha kijivu kina mlango umelegea. Hiyo ndo mita uliyosema? Nataka nione inasoma ngapi.

---

FundiMsongo:

Nguzo 31 ni nyingi mkuu, nyumba ya mwisho nawaonea huruma. Ila hicho kisanduku siyo mita, ni cha fyuzi. Usifungue, na watoto waambie wasikisogelee. Piga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye nguzo uwaambie mlango umelegea, wape na namba ya transfoma, utaiona imepakwa rangi juu.